Masizi Kwenye Kisima cha Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto niliogopa masizi kuliko nilivyoogopa simba. Na simba walikuwapo kweli. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Zombo, ukivuka vilima unaingia pori la Mikumi, na kiangazi tuliwasikia wakinguruma. Lakini simba unaweza kumkimbia. Masizi yapo jikoni kwenu, yanakushika kiganjani bila wewe kujua, na Bibi alikuwa ametuambia kwamba siku yatakapogusa maji ya kisima, Mwenyewe atahama na maji yake.

Mwenyewe alikuwa nyoka. Hatukumtaja kwa neno hilo, maana kumtaja ilikuwa ni kumwita. Alikaa kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mikuyu, ndani ya kijisitu kilichotunzwa na ukoo wa Bibi tangu zamani. Kabla hujaingia kulikuwa na jiwe pana kando ya njia. Hapo uliacha sufuria, chungu, chochote kilichowahi kukaa motoni, kisha ukaingia pekupeku na kata ya kibuyu iliyooshwa. Hakuna aliyekata hata fimbo mle ndani. Bibi, mama yake baba, ndiye pekee aliyebaki wa kufika mpaka kwenye jicho la maji, pale yalipobubujikia, na kutambika kwa unga. Alikuwa mtu wa utani, mimi akiniita mke mwenzangu, lakini akianza habari za Mwenyewe utani ulikatika na sauti ikashuka, nami nilibana miguu nisijikojolee.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Watu waliletwa kwa malori kutoka vitongoji vya mbali, nyumba zikapangwa kwa mistari, na ikaamuliwa tuwe na shamba la pamba la kijiji. Mwenyekiti alichagua ardhi iliyo juu ya kisima kwa sababu ilikuwa nyeusi na yenye unyevu. Bibi alimfuata uwanjani mbele za watu.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ile miti msiikate. Pale pana Mwenyewe."

"Mama, mwenye ardhi sasa ni kijiji. Tunajenga taifa hapa."

Watu walicheka. Kesho yake wanaume walipanda na mashoka yao wakiimba, baba yangu akiwa miongoni mwao. Mimi nilijificha nyuma ya nyumba nimeziba masikio, nikingoja mtu aje kusema baba ameanguka. Jioni alirudi mzima, akanawa, akauliza kama ugali umeiva. Hakuna aliyekufa. Ikabaki mikuyu michache kukizunguka kisima, na kwa mara ya kwanza jua likaingia mpaka kwenye maji. Bibi alinuna siku nyingi, na watoto wakamwimbia nyimbo za kumcheka.

Masika hayo mdogo wangu, ambaye bado alikuwa akinyonya, alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa. Homa ilikuwa kali kama jiko na ndani hapakuwa na tone la maji ya kumpoza. Mama akanibwagia mtoto mgongoni, akanyakua sufuria lililokuwa karibu, lile la ugali, jeusi tii kwa nje, akakimbia. Nilimfuata nikilia. Pale penye jiwe sikumwona akisimama. Aliingia na viatu vyake, akalizamisha sufuria zima kwenye jicho la maji.

Naona mpaka leo masizi yale yakitambaa juu ya maji, utando mwembamba mweusi unaozunguka polepole. Kitu kikachakarika kwenye majani makavu. Labda alikuwa kenge. Mimi nilijua ni nani, nikabaki nakodolea majani yale mpaka Mama aliponivuta mkono. Njiani tulikutana na Bi Tatu, jirani yetu, akiwa na ndoo yake. Alilitazama sufuria linalochuruzika, akamtazama Mama, akapita.

Mdogo wangu alipona. Ila mimi sikupata usingizi mzuri tena.

Kiangazi kilipofika, maji yakapungua, yakawa tope, na asubuhi moja wanawake walikuta kisima kimekauka. Wakaanza kwenda mtoni, mwendo wa kutoka kabla jua halijawaka na kurudi mchana. Waliomcheka Bibi waliacha kucheka. Sasa walitaka mtu, na Bi Tatu akalikumbuka sufuria.

Mama yangu hakuwa wa pale. Baba yake alikuja toka kusini kukata mkonge, naye alizaliwa na kukulia kwenye kambi za mashamba ya mkonge huko Kilosa. Watu walikuwa wakimwita Mama Zaina kama mama yeyote, Zaina nikiwa mimi. Ghafla akawa "yule mtoto wa kambini". Wanawake waliacha kuongozana naye kwenda mtoni. Nilisikia maneno nyuma ya ukuta: ikithibitika, baba amwache, arudi kambini kwao, na sisi watoto tubaki. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoogopa maneno hayo. Nilikuwa nashika ncha ya kanga ya Mama kutwa nzima, mpaka ananifukuza.

"Umekuwaje wewe? Kacheze."

"Sitaki."

Hakuniuliza tena. Alijua ninachojua.

Wazee wakakaa, wakamwambia Bibi amwulize Mwenyewe. Desturi ilikuwa hivi: jioni anamwaga unga mweupe karibu na jicho la maji, anausimamisha kama kilima kidogo, anataja jina la anayeshukiwa, anaondoka. Asubuhi anarudi kutazama. Unga ukikutwa umesimama, mtu huyo ni safi. Ukikutwa umetawanyika, ndiye. Lazima afuatane na msichana ambaye hajavunja ungo wa kumbebea bakuli. Nyumbani kwetu msichana huyo alikuwa ni mimi.

Jioni ile alilitaja jina la Mama kwa sauti wazi. Nililikumbatia bakuli kifuani. Bibi hakunitazama.

Asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, tulirudi. Watu wote walikuwa wamekusanyika pale penye jiwe, Mama akiwa upande mmoja peke yake na mdogo wangu mgongoni. Tuliingia pekupeku, mimi nikitembea nyuma ya Bibi nimefumba macho nusu. Aliposimama nikafumbua.

Unga ulikuwa umetawanyika. Haukuwa umemomonyoka kidogo upande mmoja. Ulikuwa umetapakaa huku na huku, na katikati pamepita kitu kikaacha mfereji. Niliona giza. 

 Bibi akakitazama kile kisima kikavu, akatazama juu ambako miti ilikuwa imekatwa, ambako mwanga wa jua ulikuwa unaingia bila kizuizi. Kisha akavunja kitawi chenye majani, yeye ambaye hakuruhusu mtu kukata hata fimbo, akaufagia unga wote ukachanganyika na vumbi. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na ulikuwa ukitetemeka.

"Mke mwenzangu," aliniambia taratibu, "umeona nini?"

Sikujibu.

"Haya. Hivyo hivyo."

Tulitoka. Bibi alipanda juu ya lile jiwe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Unga nimeukuta umesimama," alisema. "Mwenyewe hakukimbia masizi. Amekimbia jua. Mmemvua nguo, mnategemea akae uchi? Anataka kivuli chake. Kila nyumba ilete kigogo kibichi cha mkuyu, tuchomeke kuanzia hapa mpaka kule juu. Na pamba itoke."

Bi Tatu alichungulia mle ndani, akarudi nyuma. Nani angeingia kuhakikisha? Mwenyekiti alijikuna shingo. Alikuwa amehutubia mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kishirikina, lakini mke wake naye alikuwa anatoka mtoni na vidonda miguuni.

"Ndugu wananchi," alisema mwishowe, "sisi tutasema tunahifadhi chanzo cha maji."

"Sema unavyotaka, mwanangu," Bibi alimjibu. "Wewe panda."

Mama aliketi pale pale chini akalia. Baba akaenda kumpokea mtoto.

Tulipanda. Vigogo vingine vilikufa, vingine vikashika, tukawa tunavimwagilia kwa maji ya mtoni, watu wakinung'unika. Pamba iliondolewa kwenye ule mteremko. Miaka ikapita kabla hatujaona unyevu kwenye jicho la maji, na maji hayajawa mengi kama zamani. Lakini yapo. Siku hizi pale pana kibao cha kukataza kulima, na vijana wanaokuja na pikipiki kupima maji hunieleza, mimi bibi mzima, jinsi mizizi inavyoshika maji. Nawasikiliza. Wanasema kweli.

Kwa muda mrefu niliielewa hadithi hii kwa wepesi. Nilijisemea Bibi alikuwa mwerevu, alijua tangu mwanzo kwamba hakuna nyoka, kwamba vitisho vyake vyote vilikuwa uzio wa kulinda miti. Maelezo hayo yalinistarehesha, hasa baada ya kusoma.

Ila nikiukumbuka ule mkono nashindwa kuyaamini. Tangu asubuhi ile Bibi hakukanyaga tena mle ndani. Alisema ni magoti, na magoti yale yale yalikuwa yanampandisha kilimani kutafuta kuni. Kila jani lilipochakarika karibu naye aligeuka. Alipougua kwa mara ya mwisho alinishika kanga kama mimi nilivyoishika ya Mama, akaniuliza usiku kama mlango umefungwa vizuri, chini kabisa, pasiwe na upenyo.

Basi aliamini. Aliamini kuliko sisi sote, aliuona unga umetawanyika, akajua maana yake, na akasimama juu ya jiwe akasema uongo kwa jina la kitu alichokiogopa kuliko kifo, ili mimi nisikose mama. Usiku ule niliusukumia mlango jiwe, nikakaa naye mpaka asubuhi.