Boti Isiyopokea Wageni

Paskalia alianza kuichukia ile boti kabla hajaikanyaga. Ilifungwa mwisho wa gati, huko Lidingö, kisiwa kando ya Stockholm, nyeupe pe, pana kama mabasi mawili yaliyoegeshwa ubavu kwa ubavu. Katamarani, mumewe Ludovick alikuwa amemfundisha kusema tangu majira ya baridi: boti yenye matumbo mawili, na sebule juu katikati. Ludovick alisema boti ya aina hiyo hailali ubavu, haimwagi chai, na mtu anaweza kuishi humo mpaka kufa. Hilo la kufa ndilo lililomkera zaidi.

Mpango ulikuwa wauze nyumba yao ya Tumba, wanunue boti, waishi majini: kusini wakati wa baridi, Stockholm wakati wa jua. Ludovick alikuwa amestaafu kiwanda cha malori kule Södertälje na hakuwa na wimbo mwingine. Lakini nyumba iliandikwa kwa majina yao mawili, na bila Paskalia kusema ndiyo haiuziki. "Njoo uione tu, Mama Alma," alimbembeleza. "Ukiikataa nitanyamaza." Binti yao Alma alipoombwa maoni alicheka kwenye simu, akajibu kwa Kiswidi kwamba hayo ni maisha yao.

Wenye boti, Jonas na mkewe Rebecka, walikuwa wameishi humo miaka minne. Paskalia aliposikia hivyo alijua anakwenda nyumbani kwa watu, na kwa watu hauendi mikono mitupu. Aliamka mapema akakaanga maandazi, akayatia kwenye hotpoti, akalipakata kwenye treni na kwenye basi. Rebecka alilipokea huku akimtazama mumewe, kana kwamba amekabidhiwa mtoto wa mtu mwingine. "Jamani, vizuri," alisema. Kisha akaliweka nje, chini, pale pale wanapovulia viatu.

Paskalia alilitazama hotpoti lake lililopangwa na viatu.

Sebule, tuseme ukweli, ilikuwa ya kifahari. Makochi ya ngozi nyeupe, televisheni inayochomoza kabatini yenyewe, mashine ya kutengeneza barafu. Ludovick alipapasa kila kitu kwa kiganja, akauliza injini, akauliza betri, akauliza mitambo ya jua. Jonas akajibu yote kwa furaha. Lakini humo ndani mlikuwa na harufu.

Na mtu asije akamdhania Paskalia ana pua ya madaha. Zaidi ya nusu ya maisha yake Uswidi ameosha wazee kwenye makao ya wazee ya Tumba, na choo cha mgonjwa hakikuwahi kumchefua, kwa sababu mgonjwa hana hiari. Kinachomchefua ni uchafu wa watu wenye afya zao, uliofunikwa kwa marashi. Boti ile ilinukia vanila juu na choo chini.

Waliteremka ngazi nyembamba kuingia tumbo la kushoto, ambako kulikuwa na chumba cha kulala cha wenye boti. Rebecka alifungua mlango wa choo. "Karatasi haziingii humu, zinaziba," alieleza. "Tunaziweka hapa." Akafunua kifuniko cha kindoo kidogo. Kindoo kilikuwa kimejaa, na Rebecka alikuwa anatabasamu.

Paskalia alirudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta wa bafu. Hapakuwa na nafasi hata ya kukimbilia. "Na hivyo vingine," aliuliza, "vinakwenda wapi?"

"Kwenye tangi," alisema Jonas, akagonga ubao ulio kichwani mwa kitanda. "Liko hapa nyuma. Kumwaga majini ni marufuku, kwa hiyo likijaa tunaenda kituo cha boti, linanyonywa kwa mpira."

Kwa hiyo mtu analaza kichwa chake hapa, na upande wa pili wa ubao amehifadhi mavi yake ya siku zote hizo. Paskalia alimgeukia mumewe, akamwambia kwa Kiswahili, "Baba Alma, umesikia?"

"Nimesikia. Ndivyo zilivyo zote."

"Na wewe ukaona sawa."

"Utazoea."

Utazoea. Alitamani amtemee neno lake miguuni. Jonas naye alikuwa amekwisha kuinua ubao wa sakafu ili awaonyeshe namna ya kutunza bafu, maana alikuwa mwuzaji mkweli kupita kiasi. Alizamisha mkono, akatoa chujio, na kwenye chujio akavuta bonge la nywele za kijivu lililogandamana na sabuni, refu, linalodondoka maji. "Mkisafisha hiki mara kwa mara hamtapata shida," alisema. Akalitupa kwenye ndoo, akajifuta mkono kwenye kaptura. Kisha wakapanda juu, akauliza kama zile zilikuwa keki, akafungua hotpoti na kwa mkono ule ule akapekua maandazi akitafuta kubwa. Ludovick alichukua lake baada yake, akalitafuna taratibu akitazama mlingoti. Paskalia aligeuza uso upande wa maji.

Alikuwa amebakiwa na swali moja, na aliliuliza ili amalize tu. "Wageni wenu mliwalaza wapi?"

Rebecka alifikiri kidogo. "Hakuna aliyekuja," alisema. "Mwaka wa kwanza watu wanaahidi. Wa pili wanauliza mko wapi. Halafu wanaacha. Ni kimya sana, unajua." Alisema hivyo akichezea kifuniko cha hotpoti, na kwa mara ya kwanza Paskalia alimwonea huruma, akaelewa kwa nini boti inauzwa.

Alimtazama Ludovick aone kama na yeye ameelewa. Ludovick alikuwa anatabasamu. Halikuwa tabasamu la adabu analowapa wageni mlangoni. Lilikuwa la mtu aliyetoka safari ndefu akaonyeshwa kitanda.

Kwenye treni ya kurudi Paskalia hakusubiri wakae vizuri. "Wewe hutaki boti," alisema. "Unataka watu wasije."

Ludovick hakukana. Nyumba yao ilikuwa ya chini, karibu na stesheni, sebule kubwa, na kwa miaka mingi mtu wa kwao akifiwa Stockholm nzima ilijua pa kukutania. Wa Tensta walikuja, wa Södertälje walikuja, Wakongomani wa parokia walikuja na rozari zao. Paskalia alijivunia hilo kuliko kitu chochote alichokuwa nacho nchi hii. Hakuwahi kumwuliza mumewe. Mtu anaulizwaje jambo kama hilo?

"Siku ile niliyostaafu," Ludovick alisema, "nilikula chakula changu jikoni nimesimama. Kwenye kiti changu alikaa mtu nisiyemjua jina."

"Kulikuwa na msiba."

"Kulikuwa na msiba. Na mama yangu alipokufa, ulinijazia sebule. Walinishika, wakaniimbia, wakaniambia nijikaze. Mimi nilitaka kulia peke yangu, Mama Alma. Mpaka leo sijamlilia mama yangu."

Paskalia alimwangalia na kinyaa cha asubuhi kilimpanda upya, safari hii kwa mtu. Watu waliacha vitanda vyao, walipanda mabasi kwenye theluji, walimpikia, na yeye amekaa anawahesabia viti. Mtu wa namna hii amelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo. Afadhali lile bonge la nywele.

Simu ikaita. Alikuwa Bonaventure, rafiki yao wa siku nyingi. "Shemeji," alisema, sauti chini, "Veneranda wa Tensta amefiwa na baba yake, huko Bukoba. Watu wameshaanza kuulizana. Tunakuja kwako?"

Ludovick alisikia kila neno. Alitikisa kichwa polepole, si kwa ukali, akimwomba.

"Njooni," Paskalia alisema. "Nafasi ipo. Ila Ludo msimtafute, amehamia kwenye boti."

Treni iliposimama Tumba aliinuka na hotpoti lake. Ludovick hakuinuka. Aliendelea kutazama dirishani, magoti pamoja, kama alivyokaa kila asubuhi alipokuwa akienda kazini, na milango ikafungwa, na treni ikamchukua kuelekea Södertälje ambako hakuwa na shughuli yoyote. Atarudi, Paskalia alijisemea. Ataenda wapi.

Jioni nyumba ilijaa. Veneranda alilia, akashikwa, akaimbiwa. Paskalia alipita na sinia la chai, na aliposimama mlangoni mwa sebule kupumua kidogo, harufu ikampata. Ilikuwa ya soksi, ya viatu vilivyorundikana hadi nje ya mlango, ya makoti na jasho na vitunguu. Chooni sakafu ilikuwa imelowa, na mtu alikuwa amekanyagia humo taulo la Ludovick la uso. Kwenye chungu cha maua mtu alikuwa ametema makapi ya kahawa ya kutafuna, yenye mate yake, na kwa jinsi yalivyokauka pembeni na kulowa katikati haikuwa mara ya kwanza. Vitu hivi vyote vilikuwapo siku zote. Alikuwa akivifuta kila mara baada ya watu kuondoka, bila kuviona.

Alisubiri mtu aulize. Mwenye nyumba hayupo msibani, na kule kutania kwake kwenye simu hakungeweza kumridhisha mtu yeyote. Lazima kuna atakayesema, Mama Alma, mzee yuko wapi? Alizunguka na chai mara nyingine, polepole zaidi, akisimama mbele ya kila mmoja. Walipokea vikombe, wakashukuru, wakaendelea.

Kwenye kiti cha Ludovick alikuwa amekaa Bonaventure, soksi zake juu ya meza. Aliona shemeji yake amesimama mbele yake haondoki, akadhani anangoja kikombe.

"Ongeza sukari kidogo, shemeji," alisema.

Paskalia akamwongezea.