Kisogo cha Mwinga

Mpwa wangu Twaiba ndiye wa kwanza katika ukoo wetu hapa Msambweni kusoma mpaka shahada ya pili, na akili hizo zimetoka upande wangu. Mimi niliachia darasa la sita, lakini si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa amekwisha kunifundisha yote aliyoyajua.

Twaiba ni mwembamba, msemaji wa polepole, anafundisha shule moja ya upili huko Kwale. Kila Jumamosi anashuka kwa akina mama wanaosuka ukili wa mikeka. Pambo hili laitwaje? Nani alilianza? Kila jina analiandika katika daftari la kijani, pamoja na tarehe na mtu aliyemwambia. Miaka minne hiyo! Nilimtania kwamba wenzake wameshazaa, akanijibu, "Mimi nimezaa majina thelathini na moja, Mjomba."

Alichokitaka ni kimoja tu: nafasi ya mtafiti mkaazi katika chuo kikuu alichosomea. Alinieleza mara tatu ndipo nikaamini. Kila mwaka chuo huchagua watu wachache wa historia, lugha na utamaduni, kikawapa chumba, meza, ufunguo wa maktaba, na miezi tisa ya kuandika bila kufundisha mtu.

"Yaani wanalipwa kukaa na kufikiri?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi mimi ni mtafiti mkaazi wa baraza hili tangu hujazaliwa."

Akacheka, akafungua daftari, akaniuliza kama nalijua pambo lolote. Sikupenda kusema sijui. Jirani yangu Mwinga, muuza madafu, alikuwa amenipa mgongo, na kisogo chake kina mikunjo mitatu kama godoro lililokunjwa. Nikaonyesha mistari ya kupindapinda kwenye mkeka tuliokalia. "Hilo ni kisogo cha Mwinga. La zamani sana."

Mwinga akageuka, nikamkonyeza. Twaiba akaandika. Nilikusudia kumwambia kabla hajaondoka, wallahi, lakini ikaja mihogo. Jumamosi iliyofuata akaniuliza jingine. Mtu akiandika unayoyasema unanogewa. Nikampa majina manane.

Mwalimu wake wa chuoni, Dkt. Alamin, ndiye aliyekuwa amwandikie barua ya udhamini. Twaiba akampelekea kila kitu: maombi, orodha ya majina, maelezo yake yote. Barua haikufika, na chuo kikajibu kwamba maombi hayakukamilika. Alipompigia mwalimu, akaambiwa, "Mtandao, binti yangu. Mwakani, inshaallah."

Mwaka huu likabandikwa bango pale Kwale. Watafiti wakaazi huja kuwasimulia wananchi wanachokiandika, na mtafiti wa safari hii alikuwa Dkt. Alamin. Mada: mapambo ya mikeka ya kusini mwa pwani. Twaiba alilisoma bango, akarudi hatua, akalisoma tena.

"Huenda ni mapambo mengine," akasema.

Siku yenyewe nilivaa kanzu ya Idi, tukakaa mstari wa mbele, mimi, Twaiba na Mwinga. Daktari anajua kusema, simnyimi haki yake. Akaonyesha picha baada ya picha, kisha akainua kidole. "Na hili, mabibi na mabwana, ni kisogo cha Mwinga. Mwinga alikuwa shujaa aliyewapa wakoloni kisogo."

Mwinga akajishika shingo.

"Mjomba," Twaiba akaninong'oneza, "jina hilo ulimwambia yeye?"

"Simjui hata kwa sura."

"Basi amelitoa kwangu. Simama useme ulimwambia nani."

"Twaiba, jina lile..."

"Simama, Mjomba!"

Nikasimama. "Bwana Daktari, jina hilo nilimpa mpwa wangu huyu, barazani kwangu. Na shujaa mwenyewe ndiye huyu, auza madafu hapo stendi. Nililitunga kwa ajili ya shingo yake."

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Daktari akanywa maji, glasi nzima. Aliyekuwa hacheki ni Bi Rispah, msimamizi wa mpango huo chuoni. Alikuja akaliomba daftari la kijani, akaitazama tarehe.

"Kazi ni yako, hilo naliona," akamwambia Twaiba. "Ya Daktari tutayashughulikia. Lakini dada, kama hili ni la kutungwa, hayo mengine nitayaaminije?"

Nami nilikuwa nikingoja kupongezwa.

Nje Twaiba alikaa kwenye ngazi. "Yaliyotoka kwako ni manane. Ya kweli mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Matatu. Labda manne."

"Mwalimu wangu ameniibia, hilo lina jina," akasema. "Ulilonifanyia wewe, Mjomba, sijui laitwaje."

Akaliweka daftari gotini, akayakata kwa mstari yote manane, hata yale ya kweli.

Maombi mapya yanafungwa mwezi ujao. Anarudia majina nyumba kwa nyumba, mpaka kijiji cha Jego, na kila jina sasa analitafutia mashahidi wawili. Juzi nilimwambia jina la pambo alilokuwa akisuka marehemu mama yangu. Ni jina la kweli, na aliye hai anayelijua ni mimi peke yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

Kwangu bado anakuja. Shikamoo anatoa vilevile, kwa mikono miwili. Ila anapofika barazani, kalamu huwa ameshaitia mkobani.