Moja Isiyo na Kimkia

Kaka yangu tulimwita Mlalo, kwa sababu ya herufi zake. Alizichora mwenyewe, miezi minane mezani na penseli na rula: nyembamba, zimebanana, zote zimeinamia kulia kama watu wanaowahi duka lisifungwe. Vimkia, vile vijistari vya kwenye ncha za herufi, hakuvitaka hata kidogo.

"Kimkia ni uchafu," alizoea kusema. "Herufi ni mfupa."

Mimi nilikuwa mkata lebo kwenye kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi, kwa hiyo najua ninachosema. Herufi zake zilifaa kweli. Kwenye tikiti, kwenye ratiba, hata ubavuni mwa kalamu, maneno ya mistari mitano kwake yaliingia miwili. Watengenezaji wa dawa ya kikohozi ya watoto walipoziona wakamng'ang'ania. Chupa yao ilikuwa ndogo, na maelezo kibao.

Sampuli ilipotoka niliisogeza dirishani. "Kaka, hii moja na huu mkwaju wa kugawanya mbona mapacha?" Ilitakiwa isomeke kijiko 1/2, yaani nusu. Mimi niliona vijiti viwili vimeinama, halafu mbili.

"Wewe hangaika na mkasi wako," akanicheka. "Mwenye macho atasoma."

"Iwekee kimkia hiyo moja tu, jamani!"

"Na sura ya herufi zangu iharibike?" Akasaini. Kichwa ngumu yule! Nami, mjinga zaidi, nikazikata lebo zote kwa mikono yangu hii.

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa kwake. Mjukuu wake alikuwa amelala sebuleni tangu asubuhi. Kaka akamtekenya nyayo. Hakushtuka. Akamtekenya tena.

"Umempa nini huyu?" alimuuliza bintiye.

"Dawa yako, baba." Binti akainua chupa, anatabasamu. "Vijiko viwili jana jioni, viwili asubuhi. Si umeandika mwenyewe?"

Kaka alisawijika. Tulimbeba mtoto mbio hadi hospitali, na alasiri akafungua macho, akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Kesho yake watengenezaji walimwambia asubiri kikao cha Alhamisi. Hakusubiri. Alichukua kalamu ya wino, tukaanza kuzunguka maduka ya dawa, yeye akiiwekea kila moja kimkia, chupa kwa chupa. Duka la tatu, muuzaji alichungulia chini ya kaunta.

"Ile ya kikohozi? Imeisha. Zilikuwa arobaini, zimekwenda zote."

"Kwa nani?"

"Mzee wangu, nitajuaje? Kina mama tu."

Nyuma yetu akaingia mama mmoja, mtoto mgongoni, kichwa kimeanguka upande. Alitusalimu vizuri, akamgeukia muuzaji.

"Ile dawa yenu jamani inafaa! Tangu jana hajakohoa, analala tu. Nipe nyingine."