Kaimu Hadi Siku ya Kuagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya soko Kariakoo, Mkuu wa Idara alinitazama akasema, "Binti, chai yangu huwa haina sukari." Nikamjibu, "Shikamoo. Mimi ndiye Afisa Masoko mpya." Hakuitikia. Chai nayo hakuiona.

Nilipanda taratibu mpaka nikawa Kaimu Mkuu wa Soko. Kukaimu ni kushika kiti kwa muda, mwenyewe akisubiriwa. Miaka ikapita, mwenyewe haji. Wanaume niliowafundisha kazi walithibitishwa kwenye vyeo mbele ya macho yangu, mimi naambiwa, "Vuta subira, mama."

Ukaja uchaguzi, soko likapasuka. Watu wakachagua hata nyanya kwa rangi ya fulana ya chama aliyovaa muuzaji. Wakati huohuo tulikuwa na vizimba vipya vya biashara vya kugawa, na waombaji walizidi. Desturi yetu ilikuwa kura ya vizibo: vizibo vya soda, vingine vyenye namba ya kizimba, vingine vitupu, vinatiwa ndooni, kila mfanyabiashara anachota mwenyewe, watu wote wanaona.

Mkurugenzi, mwenye kusaini vyeo vyetu, akaniita. "Safari hii hakuna ndoo. Wa upande ule wasipate."

"Upande upi, mheshimiwa? Mimi nawajua wa nyanya na wa dagaa."

"Usijitoe ufahamu. Nifanyie hili, barua yako ya kuthibitishwa naisaini leo."

Mimi ni mtu wa kupatana bei tangu utotoni, mtaani Mchafukoge. Nikamwambia, "Hicho cheo nimeshakifanyia kazi. Unaniuzia mali yangu mwenyewe?"

Kesho yake nikaweka ndoo mezani, hadharani, nikahesabu vizibo mara mbili kwa sauti. Bi Zuhura, muuza nyanya wa "upande ule", akachota kizimba cha mlangoni. Upande wa Mkurugenzi wakaniita msaliti. Wenzake Zuhura waliokosa wakaniita kibaraka. Barua haikuja.

Siku ya kuagwa, nilipostaafu, Mkurugenzi alishika kipaza sauti: "Tunamuaga mama yetu, mlezi wetu." Nikakipokea. "Sikukuzaa. Nilikuwa mkuu wako wa soko." Ukumbi mzima soda zikanywewa haraka.

Nafasi yangu alipewa kijana. Alithibitishwa kabla hajajua choo cha soko kiko wapi. Hasira ninayo, na siipunguzi. Ninyi mabinti mnaoanza, mkipewa ukaimu, ulizeni siku hiyohiyo unaisha lini.

Juzi nilipita kwa Bi Zuhura. "Karibu, Mkuu!" akaita. Hakusema kaimu. Nyanya akaniuzia bei ileile ya kila mtu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuomba nipunguziwe.