Wimbo wa Harusi Kwenye Hitma ya Maalim

Mpaka leo nkifika ule mtaa wa Malindi aliokuwa akikaa Maalim Haji huinamisha kichwa nkapita upesi, na mie si mtu wa kuinamisha kichwa, mdomo wangu nyote mnaujua, lakini siku ile uliishiwa.

Nlikuwa nafanya kazi dukani kwa Kaka Nassor, tunatoa sauti kwenye kaseti za watu tunazitia kwenye kompyuta. Programu yetu ya kurikodia ilikuwa ya kizamani, laptopu mpya inaikataa, basi Kaka Nassor akatengeneza kompyuta ya kizamani ndani ya ile mpya, haina chuma wala waya, inaishi mle kama mpangaji (mie nkiiita mke mdogo, mwenyewe hacheki). Maalim alipofariki, mkewe Bi Ruqaia akatuletea kaseti, ndiyo pekee yenye sauti ya marehemu, anasoma Yasini. Nkaihamisha, na nlipomaliza tu utepe ukatafunwa na mashine, ukakatika vipande. Basi Maalim akawa amebaki mle ndani tu, na Bi Ruqaia, ambaye yuko eda ya kufiwa na mume, hatoki, anataka amsikie siku ya hitma, marehemu akisomewa Kurani.

Asubuhi yake Kaka Nassor akaniambia niseivu, nifunge kwanza kompyuta ya ndani, ndipo niilaze ya nje. Akanieleza kwamba kibodi kila ukiigusa hupiga kengele kuiita kompyuta, na ile ya ndani hupigiwa kengele na ya nje, sasa zikilala pamoja, ya ndani huweza kuamka kengele haiisikii tena. Nkamjibu, "Kaka, hata mie nkilala sisikii kengele, na kazini nafika." Nshachelewa, nlikuwa najaribia spika kwa wimbo wa harusi, sikuseivu kitu, nkailaza hivyo hivyo na wimbo wake tumboni.

Kule nyumbani kwa Maalim watu wako mikekani, juzuu zishasomwa, ubani unafuka, Bi Ruqaia yuko nyuma ya pazia. Nkaunga spika, nkaiwasha laptopu. Ikaamka pale pale ilipolalia, katikati ya wimbo, bibi anamrusha roho mke mwenzake kwa maneno ambayo hapa sitayasema. Nkabonyeza kibodi, haisikii. Nkabonyeza vyote, kama napiga kinanda, haisikii. Nkachomoa spika, wimbo ukaendelea kwa kisauti chembamba cha laptopu yenyewe, nkaikumbatia kifuani.

Mzee Khamis, kaka yake marehemu, akasema taratibu, "Izime, kijana."

Nkamwambia siwezi, nkiizima na Maalim anapotea, sikumhifadhi. Yule bibi akaendelea kuimba. Nyuma ya pazia nkasikia, "Seif."

"Naam, Bi."

"Bwana wangu yumo humo?"

"Yumo, Bi."

"Basi uacheni uimbe."

Wakakaa wazee wazima, vichwa chini, wanasikiliza wimbo wa mke mwenza.

Nkampigia simu Kaka Nassor. Hakunigombeza, akanielekeza niirudishe kibodi kwa ile ya nje, niilaze ya ndani peke yake kisha niiamshe, itaziunga kengele zake upya. Ikaamka kweli, na vibonyezo vyangu vyote vilivyokuwa vinangoja vikaingia kwa pamoja, kama watoto wanatoka chuo cha Kurani: kimoja kikaufunga wimbo, kimoja kikaifungua Yasini, kimoja kikaanza kurikodi juu yake. Mie sitazami, nalia kwenye simu. Mpaka Kaka Nassor alipouliza kama kile kidude chekundu cha kurikodi kimewaka, ndipo nkakizima, nkaseivu.

Nkachomeka spika. Kila mtu katega sikio. Ikatoka sauti yangu: "Kaka Nassor, sauti hii ikipotea nnahama Unguja, nnakwenda kuvua Tumbatu, na kuogelea sijui." Kisha Maalim akaingia katikati ya aya, taratibu, kama alivyokuwa. Bismillahi yake imekwenda. Hakucheka mtu, na bora wangecheka. Nyuma ya pazia nkamsikia Bi Ruqaia analia.

Alipotoka eda nkamwendea, nkamwamkia, nkamwomba nikate ile sehemu yangu. Akasema, "Usiiguse tena, mwanangu."

Tangu siku ile mie siilazi kompyuta mpaka niseivu, nimfunge mke mdogo, niangalie mara mbili. Lakini kila Alhamisi jioni ukipita chini ya dirisha la Bi Ruqaia utatusikia: nnatangulia mie na kilio changu, ndipo anafuata Maalim.