Maji ya Sukari ya Mama Mkubwa

Fundi mapazia alifunga duka lake wiki nzima ili amhudumie mdogo wake aliyejifungua. Alikuwa amemlea mwenyewe huyo mdogo tangu mama yao alipofariki, alimsomesha, akamwoza. Yeye hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo siku ile alipowekewa mikononi kile kichanga kilichoviringishwa kwenye shuka, alikipokea kama vile kimezaliwa kwa ajili yake.

Siku ya pili mtoto alilia kutwa. Akiwekwa titini anashika kidogo, anaachia, anasinzia, kisha anaamka na kuangua kilio upya. Chuchu za mzazi zilichubuka.

"Dada, mbona kama hamna kitu humu?"

"Maziwa yatakuja tu. Hebu lala kidogo, nimshike mimi."

Mzazi alipitiwa na usingizi papo hapo. Fundi alizunguka na mtoto sebuleni, akambembeleza, akamwimbia mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Mwishowe aliingia jikoni, akachemsha maji, akakoroga sukari, akayapoza na kuyatia kwenye chupa ya kunyonyeshea waliyoletewa na jirani. Mtoto alifyonza, akatulia, akamkodolea macho.

"Unaona?" alimnong'oneza. "Mama mkubwa ndiye anayekujua."

Alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia maishani.

Mdogo wake alipoamka alishangaa ukimya. "Umemnyamazishaje?"

"Nimembembeleza tu."

Uongo ulimtoka kiulaini kabisa. Jioni akampa tena, na kesho yake akampa mara tatu. Siku hiyo ya tatu mtoto alipoelekezwa titini aligeuza uso, akajikunja na kusukuma kwa vingumi. Mzazi alilia kwa kwikwi. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini; mzazi akampigia simu na kumwambia, "Hata mwanao hanitaki." Fundi alimshika bega, akamwambia ajikaze. Mkono ule ulimuunguza mwenyewe, lakini hakuitaja chupa.

Siku ya nne, baada ya fundi kumchukua mtoto kwa siri asubuhi na kumpa chupa, walikwenda zahanati. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimpima mtoto, akatazama mizani, akampima tena.

"Amepungua kupita kiasi. Kuna kitu kingine mnampa? Maji, maziwa ya kopo?"

"Hapana, titi tu," alijibu mzazi. "Dada yangu ni shahidi."

Fundi aliinamia kikapu, akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Nina kasoro gani mimi, muuguzi?" mdogo wake aliuliza, machozi yakimchuruzika. "Wenzangu wote wananyonyesha."

Hapo fundi alishindwa.

"Huna kasoro," alisema, kichwa bado chini. "Nimempa mimi. Maji ya sukari, kwa chupa. Tangu juzi. Na leo pia."

Mdogo wake alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Uliniona nalia, dada. Jana ulinishika bega."

"Nilikuona."

Muuguzi hakufoka. Alimvua mtoto nguo, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika. Tumbo likijaa maji ya sukari, alieleza, mtoto hana hamu ya kunyonya, na asiponyonya maziwa yanachelewa. Akamwonyesha mzazi namna ya kusubiri kinywa kipanuke kabisa, kisha amvute mtoto kwake, kidevu kiguse titi, ashike na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, siyo ncha ya chuchu peke yake. Akamfundisha pia kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo mpaka azoee. Kesho yake warudi, akasema, apimwe tena.

Walipofika mlangoni mdogo wake alimgeukia. "Nenda dukani kwako, dada. Jioni uje. Lakini usimshike mpaka nikwambie."

Fundi alikwenda, akakata pazia la mteja likaenda upande, akalikalia na kulia. Jioni alirudi, akapika, akafua, akachemsha kikombe cha kukamulia na kukiweka mezani bila kumkaribia mtoto. Ndivyo alivyofanya kila jioni. Siku ya sita alisikia kutoka jikoni mtoto akimeza maziwa, gulu, gulu, na mdogo wake akicheka peke yake. Alitaka kwenda kuona. Hakwenda.

Siku ya tisa mizani ilipanda. Siku ya kumi mdogo wake alitoka chumbani na taulo begani.

"Mshike, nikaoge."

Hakusema amemsamehe. Fundi alimpokea mtoto. Baada ya dakika chache kilio kilianza. Hakumwimbia wala hakutazama jikoni. Alikwenda moja kwa moja akagonga mlango wa bafu.

"Mdogo wangu, toka. Mwanao anakutaka."