Gayogayo na Meno ya Mshenga

Miaka mitatu ya ujana wangu niliimalizia chuoni nikimsoma gayogayo, samaki bapa wa pwani anayejifukia mchangani, macho yote mawili upande mmoja wa kichwa. Kisha nikarudi Mwanza, ambako ziwa zima halina hata mmoja. Ndiyo elimu yangu. Nafundisha baiolojia Nyamagana, nina miaka arobaini na saba, na Jumamosi ile ndiyo nilikuwa napeleka posa.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Luhaga, fundi baiskeli mwenye ulimi mtamu. Meli ya Nansio ilikuwa iondoke saa nane. Wazee wa Selina, mchumba wangu, walikuwa wanangoja huko kisiwani. Mara ya kwanza niliahirisha kwa woga, wakasema hakutakuwa na ya tatu.

Saa sita mzee aliingia ziwani kunawa vumbi la miguu. Woga ukanishika tena, nikaanza kumweleza habari za gayogayo.

"Anazaliwa na macho huku na huku, kisha jicho moja linahama."

"Linahama? Limepata uhamisho wa serikali?"

Akaangua kicheko. Meno yake ya bandia, safu nzima ya juu, yakatumbukia majini.

"Mwalimu," alisema, mdomo umebonyea, "fafa nitafema nini kwa wakwe fako?"

Maji yalikuwa ya magoti, yamechafuka, hayaonyeshi kitu. Ndipo nikakumbuka: pwani gayogayo hatafutwi kwa macho. Unaburuta nyayo polepole hadi uhisi kitu chini ya mchanga. Nikavua viatu, nikakunja suruali ya suti.

Odeta, muuza dagaa, akasimama kutazama. "Mwalimu, ngoma gani hiyo?"

"Natafuta meno ya mshenga."

"Haya! Yakikung'ata, ujue umekubaliwa."

Niliburuta karibu saa nzima. Mwishowe meno yakaking'ata kidole kidogo cha mguu wa kushoto, nikapiga yowe hadi ufukwe mzima ukageuka. Mzee aliyasuuza, akayavaa, akaiwahi meli.

Kesho yake asubuhi akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wameuliza kijana ana ujuzi gani. Nikawaambia anaona kwa nyayo."

"Wakasemaje?"

"Wamekubali. Ila bibi yake Selina alidondosha pete ziwani miaka kumi iliyopita. Wanataka uje uitafute."

Jumamosi ijayo napanda meli. Kucha za miguu nimeshakata.